Safari ya Kulitoa Jina la Baba Kwenye Orodha

Tuliondoka Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi. Saa hiyo naikumbuka vizuri kwa sababu Shangazi alinipa simu yake nishike, na kila alipoona tunachelewa aliniuliza saa ngapi, nami nikawa namjibu kumi na mbili kasoro tano, mpaka akagundua kwamba tangu mara ya kwanza sijaiangalia tena.

Nyie mlioniuliza darasani nilikuwa wapi siku zile, wewe Rehema hasa, mnanijua. Nikiulizwa mbele ya watu maneno yanakwama kooni. Nilisema tu kwamba tulikuwa na udhuru wa familia, nikakaa. Sasa nawaandikia. Pokezaneni daftari hili, ila msilisome kwa sauti nikiwepo.

Habari za barua za ruhusa na nani alimpigia nani simu naziruka. Mnachotakiwa kujua ni hiki. Baba yangu, Wambura, aliuawa miaka miwili iliyopita, wakati watu wa kijiji chetu na watu wa kijiji kimoja huko Mugeta walipokuwa wanapigana kwa sababu ya malisho. Majina ya vijiji sitayataja, mtaona baadaye kwa nini. Baba alikutwa njiani anaswaga mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na sikio la yule mtamba lilikuwa limekatwa alama ya mtu wa Mugeta. Siku hiyo lilikuwa limepigwa yowe kwamba kuna wizi. Hawakumuuliza kitu. Tangu hapo sisi tumekuwa watoto wa mwizi. Mama alimzika kando ya shamba la muhogo, akaweka msalaba usio na jina. Aliogopa kwamba jina likionekana watu watakuja kuung'oa.

Mwaka huu pande mbili zimekubali kupatana. Anayewaandikia mkataba ni dada Editha wa Bunda. Yeye ni msaidizi wa kisheria, anakaa na wazee, anawasomea aya moja moja na kuwaeleza sheria inaruhusu nini na inakataa nini. Wiki moja kabla ya safari alikuja Musoma mpaka kwenye meza ya Shangazi sokoni. Shangazi ni dada yake Baba, ndiye ninayeishi naye, anauza dagaa. Dada Editha alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa akasoma rasimu. Aya ya nne ilisema kwamba wezi waliouawa wa pande zote mbili hawatadaiwa na mtu yeyote. Chini yake kulikuwa na orodha, na jina la Baba lilikuwa la tatu.

Shangazi aliendelea kuchambua dagaa kama hajasikia. Halafu akasema yeye hatii dole kwenye karatasi hiyo, hata waje na polisi.

Dada Editha hakubishana. Alisema mkataba utasainiwa Alhamisi ya wiki inayofuata, na ukishapigwa muhuri kulitoa jina itakuwa kazi kubwa. Kama kuna mtu anayejua yule mtamba alikuwa wa nani, tumlete kabla ya hapo, aape, asikilizwe, nami niwepo kama mtoto wa marehemu. Na mtu huyo alikuwepo. Sisi tulidhani amekufa, kumbe dada Editha alikuwa na jina lake kwenye karatasi za watu waliochomewa nyumba: Mzee Magesa, rafiki wa Baba, aliyekimbia kutoka Mugeta akahamia kwa binti yake Butiama.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wachache hawaweki wote bomani kwake. Mmoja anampelekea rafiki wa mbali amtunzie, kimya kimya, ndugu wasijue wakaja kuomba. Ndama akizaliwa kule anakatwa sikio kwa alama ya mwenye boma, ili majirani wasiulize maswali. Baba alikuwa na ng'ombe kwa Mzee Magesa. Hilo Shangazi alilijua. Asichokijua ni kwa nini mzee huyo alinyamaza miaka yote miwili.

"Ndicho tunachoenda kumuuliza," alisema, akavuta kamba ya katani kwa nguvu akafunga furushi la dagaa la zawadi.

Musoma mpaka Makutano

Tulipata gari pale stendi ya Bweri, Probox ya rangi ya fedha, na kabla hatujafika Makutano tairi la nyuma likapasuka. Dereva alitoa la akiba, nalo halikuwa na upepo. Akapanda bodaboda akaenda nalo kujaza, akatuacha kando ya barabara, abiria wanne na kuku wa mtu.

Mmoja wa abiria alikuwa mama mnene mwenye miwani, mwalimu mstaafu. Alitugawia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye mkebe wake, tukala, akaanza kuhoji. Tunakwenda wapi? Shangazi akamjibu Butiama. Kwa nani? Kwa mzee mmoja. Kuna nini kwa huyo mzee? Shangazi hapendi mambo yetu yajulikane, akasema tu kwamba kuna jambo la kifamilia na binti mwenyewe asipokuwepo halitakamilika. Hivi ndivyo alivyosema, na alikuwa amevaa kitenge kipya, na miguuni kwangu kulikuwa na furushi la zawadi.

Yule mama alivua miwani. Akaniuliza mimi niko kidato cha ngapi. Nilisema cha tatu, lakini nadhani ilitoka kama mnong'ono. Akaniuliza kama nimekubali mwenyewe. Nilielewa anachofikiria, nikashikwa na aibu kiasi kwamba badala ya kukataa nikainamisha kichwa, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Akamgeukia Shangazi akamwambia kwa upole wa kutisha kwamba kumwoza mwanafunzi ni jela, na kwamba namba ya dawati la jinsia anayo kwenye simu.

Shangazi hata hakuelewa ametukanwa kwa lipi. Alipoelewa akaniangalia mimi. "Wegesa, sema basi. Utaniacha niende jela na wewe unatafuna michembe?"

Sikuweza kusema. Nilifungua mkoba nikatoa rasimu ya mkataba nikampa yule mama. Aliisoma yote, mpaka ile orodha. Kisha akatazama kitambulisho changu cha shule kilichokuwa kimening'inia shingoni, jina la pili likiwa Wambura, akarudi kwenye orodha. Aliikunja karatasi vizuri akanirudishia, akasema samahani kwa Shangazi. Dereva aliporudi, mkebe wote wa michembe ulikuwa umehamia kwenye mfuko wetu.

Butiama

Nyumba ya Nyamisi, binti wa Mzee Magesa, ipo mbele kidogo ya senta. Mzee mwenyewe ni mrefu, mwembamba, anavaa buti za mvua hata kama hakuna mvua. Alimsalimia Shangazi kwa kumshika mkono muda mrefu. Mimi nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama usoni.

Tuliletewa uji wa mtama. Shangazi hakungoja hata upoe. Alitoa karatasi zake, akazitandaza kwenye mkeka, akaeleza kuhusu mkataba, aya ya nne, kiapo, Alhamisi. Mzee alisikiliza. Shangazi alipomaliza, Mzee akasema yeye habari ya ng'ombe yoyote haijui. Shangazi akauliza tena kwa namna nyingine. Mzee akajibu vilevile. Mara ya tatu Shangazi akampigia dada Editha, akaweka sauti ya nje, na sote tukaizunguka simu kama redio. Dada Editha alisema Mzee hatalazimishwa kitu, hataulizwa nani alipiga nani, atasema tu anachokijua kuhusu ule mtamba, na yeye atakaa naye mwanzo mpaka mwisho.

"Huyo mama anaongea vizuri," Mzee akasema, akachukua jembe akaenda kupalilia maharage.

Shangazi alibaki na simu mkononi. Hajawahi kulia mbele yangu, hata msibani, na hapo pia hakulia, ila alianza kukusanya karatasi moja moja akizilinganisha pembe, akarudia kuzilinganisha.

Mimi nilikwenda jikoni kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Nyamisi alikuwa anasonga ugali wa muhogo na mtama. Alinipa mboga nichambue. Kimya hakinisumbuagi, labda ndiyo maana yeye ndiye akaanza.

"Mmekuja na makaratasi mengi," alisema. "Kamba iko wapi?"

Nikamuuliza kamba gani.

Aliacha kusonga. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto mdogo. Mwenye ng'ombe akija kumchukua kwa aliyemtunzia, anakuja na kamba. Hata ikipita miaka kumi. Anaiweka chini, anasema nimekuja kwa ng'ombe yangu, na hapo ndipo mtunzaji anafungua mdomo. Asipoulizwa hivyo, hajui kitu, hata aulizwe na mkuu wa wilaya. Ndivyo anavyolinda mali ya mtu.

"Shangazi yako anauliza kama askari," alisema. "Na si ng'ombe yake."

Nilimwambia mwenye ng'ombe alikufa. Akasema si ameacha watoto. Nikamwambia yeye ameacha wasichana watatu tu, na mimi ndiye mkubwa. Nyamisi akageuza ugali akasema hata baba yake ana wasichana watatu tu, kwa hiyo hana uso wa kuchagua.

Shangazi alizaliwa mjini akakulia mjini, alimjua Mzee Magesa kwa jina. Alijua Baba ameweka ng'ombe. Namna ya kumchukua ng'ombe hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu hilo wanaambiana wanaume wakiwa bomani.

Kamba tuliyokuwa nayo ni moja. Nililifungua furushi la dagaa, nikawamimina kwenye ungo wa Nyamisi, nikaenda shambani na ile katani. Nilisimama kwenye mpaka wa maharage mpaka Mzee akamaliza mstari mzima, akaanza mwingine, akaumaliza. Aliniona tangu mwanzo, najua. Nilikuwa nimepanga sentensi ndefu yenye shikamoo na samahani na jina langu kamili. Ilipotea yote. Niliweka kamba chini mbele ya buti zake.

"Nimekuja kwa ng'ombe ya baba yangu."

Alisimamisha jembe. Akauliza, "Baba yako ni nani?"

"Wambura."

Aliegemea jembe. "Wambura alikuja na kamba yake," alisema, "nyeusi, ya plastiki. Nikamkabidhi mtamba asubuhi, mkono kwa mkono. Nikamsindikiza mpaka kisimani. Nikamwambia zunguka, akasema hapana, anakata katikati awahi mnada. Alisema binti yake mkubwa anaingia sekondari."

Hiyo sehemu nilikuwa siijui. Naiandika hapa mara moja tu, msije mkaniuliza.

Mzee alisema alingoja tuje. Kila mwezi alijiambia watakuja. Tulipokuwa hatuji akafikiri labda kwetu tunasema yeye ndiye aliyemuuza Baba. Na alikuwa anaogopa pia, hakuficha. Wakati wa vita ukijulikana unatunza ng'ombe wa mtu wa upande wa pili, unaitwa msaliti, na nyumba yake ilishachomwa mara moja.

Aliinama akaokota kamba, akainusa.

"Kamba gani hii inanuka dagaa," alisema.

Nilicheka na machozi yakatoka pamoja. Yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye maharage.

Kiabakari mpaka Bunda

Tulilala kwa Nyamisi, na Jumatano asubuhi tukapanda bodaboda mbili mpaka Kiabakari, mimi na Shangazi moja, Mzee yake. Alikuwa amejizungushia kamba kiunoni juu ya koti. Kiabakari tulingoja basi kwa muda wa karibu saa mbili, tukanywa chai na mihogo ya kukaanga, na kila aliyepita akamsalimia Mzee na kumuuliza anakwenda kununua ng'ombe wapi. Aliwajibu wote kwamba huyu wa kwake alishanunuliwa zamani.

Ofisi ya dada Editha pale Bunda ni chumba kimoja, meza mbili, na bango la mirathi ukutani. Alikuwa ametuandalia wakili wa kuapisha. Maelezo yaliandikwa haraka kuliko nilivyotegemea, maana Mzee akishaanza kusema hasiti. Kilichotuchelewesha ni mstari wa kwanza. Sekretari aliandika kwamba yeye ni mfugaji. Mzee aliposomewa akakataa. Alisema mfugaji ni mtu mwenye ng'ombe. Wa kwake walichukuliwa wote, sasa analima maharage ya mkwe, na hataapa mbele ya Mungu akianza na uongo. Ikafutwa, ikaandikwa mkulima. Akakataa tena, shamba si lake. Dada Editha hakuonyesha kuchoka. Alimuuliza yeye mwenyewe angependa iandikweje. Mzee akafikiri, akasema waandike alikuwa mfugaji. Sekretari akaandika hivyo, akabonyeza, na printa ilipotoa nusu ya karatasi umeme ukakatika.

Tulikaa mpaka alasiri. Shangazi alilala ameketi. Umeme uliporudi, wakili alimpa Mzee Biblia, akamsomea maneno ya kiapo, na Mzee akayafuata vizuri tu, kisha akamwuliza wakili kama na yeye haapi.

"Mimi nashuhudia tu, mzee wangu," wakili akasema.

"Yaani mimi nijiweke kwa Mungu, wewe uangalie."

Wakili alicheka mpaka muhuri akaupiga umepinda. Ukitazama nakala yetu utaona.

Jioni tulikula kwa dada Editha, huko Kabasa, ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Hapo ndipo nilipouliza swali langu pekee la safari nzima. Nilimuuliza kama mkataba ukisainiwa waliomuua Baba watakuwa wamesamehewa.

Aliweka tonge chini. Alisema hapana. Wazee wanaweza kupatana juu ya malisho, maji, kurudisha watu kwenye nyumba zao, hata fidia. Kuua mtu si mali ya wazee wasamehe, hilo ni la Jamhuri, na faili lipo polisi. Amewaambia hivyo wazee tangu mkutano wa kwanza na wanamchukia kidogo kwa ajili hiyo. Akasema pia, na hili alilisema polepole, kwamba faili kuwepo si sawa na faili kutembea, na hawezi kuniahidi litatembea.

Nilitaka watu hao wapatikane. Pia nilitaka wazee wasaini ili Mama aweze kwenda kisimani bila kuangalia nyuma. Nilikuwa nayataka yote mawili, na nililala bila kujua nalitaka lipi zaidi.

Mugeta

Alhamisi tulipita Nyamuswa kwenye vumbi, mbele yetu gari la mtendaji wa kata, nyuma sisi. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la zamani la pamba, la mabati, ambalo bado lina nyuzi nyeupe kwenye pembe. Wazee wetu walikaa upande mmoja, wa kule upande mwingine, katikati meza ya dada Editha na mtendaji. Wanawake tuliwekewa benchi mlangoni. Karibu nami alikaa mama mmoja kijana wa upande wa kule, amebeba mtoto, na tulikwepana macho kwa adabu kubwa.

Aya ya kwanza mpaka ya tatu zilipita. Ya nne ilipofika, dada Editha alisema kuna familia imeleta kiapo, akamwomba Mzee Magesa, aliyekuwa nje, aingie.

Mzee alipoingia na kamba yake kiunoni upande wa Mugeta uliguna. Walikuwa jirani zake wale. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe ulikuwa mchungaji wao."

"Nilikuwa mchungaji wa Wambura," Mzee akasema. "Na maziwa ya ng'ombe ya Wambura ulikuwaga unakunywa kwangu kila Jumapili, Sasi, na unaomba kuongezwa."

Watu walicheka, na huyo Sasi naye akajikuna shingo akacheka. Baada ya hapo walimsikiliza. Alieleza yote: mtamba, alama yake mwenyewe kwenye sikio, kamba nyeusi, kisima. Alipotaja ile kamba nyeusi, mwanamume mmoja aliyesimama karibu na mlango wa nyuma alitoka nje. Hakurudi. Nilimwona, na dada Editha alimwona.

Mzee Mgendi ndiye mwenyekiti wa wazee wa kule. Alizungumza bila ukali. Alisema hambishii Magesa, ila wafikirie. Wambura akitoka kwenye orodha ya wezi, basi kuna vijana walioua mtu asiye na kosa. Mama zao wamekaa hapa hapa. Nani atasaini karatasi ya amani inayompeleka mtoto wake jela?

Dada Editha akarudia alichoniambia mimi, kwamba kesi ya mauaji haimo kwenye mkataba huu na haiwezi kuwamo, faili lilikuwepo jana na litakuwepo kesho, jina likibaki au likitoka. Akasema karatasi hii haina nguvu ya kumfunga mtu wala kumwachia. Inachoweza ni kusema ukweli au kusema uongo katika aya ya nne.

Shangazi alisimama. Hakuna aliyempa nafasi.

"Sijaja kudai kijana wa mtu," alisema. "Wakubwa wa serikali wakija kumdai hiyo ni juu yao. Mimi nimekuja kumtoa kaka yangu kwenye hiyo orodha. Mkimwacha humo, nitakuwa napatana na nyie kwa kumwita mwizi. Siwezi. Naombeni mnielewe, siwezi."

Akakaa. Nikamshika mkono.

Mzee Mgendi alimtazama Magesa, akauliza ile kamba ya kiunoni ni ya nini. Mzee akanionyesha mimi kwa kidevu. Akasema huyu binti ya Wambura alikuja kwa utaratibu, akaweka kamba, akauliza ng'ombe. Na kwa kuwa ng'ombe aliishia mikononi mwa kijiji hiki, basi sasa yeye Magesa analileta kijijini swali hilohilo. Akaifungua kamba, akaja akaiweka chini katikati ya ghala. "Yuko wapi?"

Wazee wote wa Mugeta waliitazama ile kamba ya dagaa. Huko na wao wanajua utaratibu. Wakainamiana, wakanong'ona kwa lugha ya nyumbani, na Mzee Mgendi akaonekana ghafla kama mtu aliyeumwa na jino.

"Alikuwa kwenye ua wa mtendaji," alisema. "Kama kielelezo. Ukaja ule mkutano wa kwanza wa kupatana, hatukuwa na kitoweo cha wageni." Akakohoa. "Tulimla."

Aligeukia upande wetu.

"Na nyie mlimla," akawaambia wazee wetu. "Wewe ulipewa kidari."

Mzee wetu aliyeonyeshwa kidole alikubali kwamba ndiyo, alipewa kidari. Kulikuwa na sekunde mbaya. Halafu Shangazi akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, akajifunika kitenge usoni, akaendelea mpaka kikageuka kilio, na wanawake wa upande wa kule ndio walioinuka kumshika. Yule mama kijana alinipa mtoto wake nimshike ili aende kumsaidia.

Wakapumzika, tukapewa chai na maandazi. Waliporudi, Mzee Mgendi alisema waliomla ng'ombe wa mtu hawawezi kumwita mwenye ng'ombe mwizi. Wakalitoa jina. Dada Editha akaandika mstari mpya kwa mkono, kwamba Wambura alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, aliyekabidhiwa na mtunzaji wake. Ndipo Mzee Magesa akauliza hao wengine waliobaki kwenye orodha, ni wangapi rafiki zao wa kuwaapia walikimbia kama yeye. Baada ya ubishi mrefu neno wezi likakatwa, ikawekwa watu waliouawa. Kisha yule mama kijana akaja kuchukua mtoto wake kwangu, akapitiliza mpaka kwenye meza, akamuuliza dada Editha kitu kwa sauti ndogo. Jina la nne lilikuwa la mume wake. Dada Editha akavuta karatasi mpya.

Shangazi alitia dole. Aya ya mwisho inasema hakuna atakayezunguka akisimulia kijiji gani kilifanya nini, na ndiyo maana sikuvitaja. Mimi pia nimo.

Nyumbani

Gari la mtendaji lilitushusha kijijini kwetu jua likiwa bado juu. Mzee Magesa alishukia njiani kutazama kiwanja cha nyumba yake iliyochomwa. Alinirudishia kamba. Alisema bado namdai ng'ombe, mama wa yule mtamba, kwa hiyo niitunze.

Mama alikuwa amekataa kwenda Mugeta tangu mwanzo, alisema hawezi kukanyaga kule. Tulimkuta anaanika muhogo. Nilimsomea ule mstari wa mkono. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Aliichukua kamba akaitundika kwenye msumari ambao Baba alikuwa anatundikaga koti lake, akaenda kuwasha moto.

Kesho yake, Ijumaa, niliamka kabla ya wadogo zangu. Nilichukua rangi nyeupe iliyobaki ya mlango, na mswaki wa zamani, nikaenda kwenye ule msalaba kando ya shamba la muhogo. Nilianza herufi kubwa mno. Nilipofika kwenye R mbao ilikuwa inakwisha, kwa hiyo R na A zimebanana pale mwishoni. Mama alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe cha uji. Alisema inasomeka.